Bolzano: Padri aliyefukuzwa kazi, uthibitisho wake ukabaki

Na Mwandishi Wetu, Musoma

MAGARI mawili yakiondoka saa moja asubuhi, moja kutoka Musoma kwenda Bunda na jingine kutoka Bunda kwenda Musoma kwa barabara hiyo hiyo, yote yakafika salama, ni lazima yatakuwa yamepishana njiani. Hata abiria asiyejua hesabu hawezi kulibishia hilo. Lakini Padri Bernard Bolzano aliona kuwa jambo kuonekana wazi hakutoshi, sharti lithibitishwe.

Bolzano alizaliwa Oktoba 5, 1781 mjini Prague, ambao leo ni mji mkuu wa Jamhuri ya Czech. Mwaka 1805 alipata upadri, na mwaka huo huo akateuliwa kufundisha elimu ya dini katika chuo kikuu cha mji huo.

Mwaka 1817 alichapisha kijitabu cha hisabati. Humo alithibitisha kwamba fankisheni isiyokatika, ikiwa hasi mwanzoni mwa kipande na chanya mwishoni, lazima iwe sifuri mahali fulani katikati. Wengine waliridhika na mchoro wa mstari unaovuka mwingine; yeye alitegemea namba peke yake.

Ndivyo ilivyo kwa magari yale. Tofauti ya umbali wao kutoka Musoma huanza upande mmoja wa sifuri na kuishia upande wa pili. Kwa msingi huo, mwanafunzi anayetafuta jibu la mlinganyo hukigawa kipande nusu kwa nusu, akibakiza nusu ambayo alama hubadilika, mpaka alikaribie jibu kadiri atakavyo.

Hata hivyo, mafundisho yake ya kupinga vita yaliiudhi serikali ya Kaisari Franz wa Kwanza wa Austria, na mwishoni mwa mwaka 1819 akafukuzwa kazi. Alitakiwa kuyakana, akakataa. Wakazi wa Mara watamkumbuka Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, ambaye mwaka 1955 aliacha kufundisha Pugu alipotakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa.

Mwaka 1821, Augustin-Louis Cauchy wa Ufaransa naye alitoa uthibitisho wa kanuni hiyo, akasikika zaidi. Bolzano aliendelea kuandika, kwa miaka mingi akihifadhiwa na marafiki kijijini, hadi alipofariki dunia Prague, Desemba 18, 1848.

Waliomnyamazisha wamesahaulika madarasani. Kanuni yenye jina lake ingali inafundishwa.