Henry VIII wa Uingereza

Henry VIII (Greenwich, 28 Juni 1491 – London, 28 Januari 1547) alikuwa mfalme wa Uingereza kuanzia mwaka 1509 hadi kifo chake. Anajulikana hasa kwa wake zake sita na kwa kulitenga Kanisa la Uingereza na mamlaka ya Papa. Makala hii inaeleza zaidi siasa yake ya nje, ambayo iligharimu nchi mali nyingi na kuacha faida chache.

Hali ya Ulaya

Henry alirithi kutoka kwa baba yake, Henry VII, hazina iliyojaa. Hata hivyo, Uingereza ilikuwa ndogo kwa watu na mapato ikilinganishwa na Ufaransa. Kama wafalme waliomtangulia, alidai pia taji la Ufaransa, ingawa huko Waingereza walibaki na mji wa Calais na eneo la jirani tu.

Vita vya kwanza

Mwaka 1511 alijiunga na muungano wa Papa Julius II dhidi ya Ufaransa. Mwaka uliofuata alituma jeshi kusini magharibi mwa Ufaransa, lakini baba mkwe wake, Ferdinand wa Aragon, alitumia nafasi hiyo kujitwalia Navarra, na Waingereza wakarudi mikono mitupu. Mwaka 1513 Henry mwenyewe alivuka bahari, akateka miji ya Thérouanne na Tournai. Wakati huohuo shemeji yake, James IV wa Uskoti, alivamia Uingereza kutoka kaskazini, akauawa katika mapigano ya Flodden.

Mapatano ya Wolsey

Waziri wake mkuu, Kardinali Thomas Wolsey, alimtafutia heshima kwa njia ya mapatano. Mkataba wa London wa mwaka 1518 uliunganisha mataifa makubwa ya Ulaya katika ahadi ya amani. Mwezi wa Juni 1520 Henry alikutana na Francis I wa Ufaransa karibu na Calais katika sherehe za fahari kubwa. Miaka miwili baadaye walikuwa vitani tena.

Mwaka 1525 jeshi la Kaisari Charles V, mshirika wa Henry, lilimkamata Francis huko Pavia. Henry alitaka Ufaransa igawanywe, lakini Charles alikataa. Nyumbani, wananchi walipinga kodi mpya ya vita hata ikafutwa.

Ndoa na siasa

Henry alipotaka ndoa yake na Catherine wa Aragon ibatilishwe, siasa ya nje ilimzuia. Catherine alikuwa mama mdogo wa Charles, na mwaka 1527 askari wa Charles waliteka Roma. Papa Clement VII hakuthubutu kumwudhi Kaisari. Mwaka 1534 bunge lilimtambua Henry kuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza. Kwa kuogopa kushambuliwa na mataifa ya Kikatoliki, alijenga ngome pwani ya kusini, na mwaka 1540 alimwoa Anne wa Cleves ili apate washirika Ujerumani. Ndoa hiyo ilibatilishwa baada ya miezi sita.

Vita vya mwisho

Mwaka 1543 Waskoti walikubali kwamba malkia wao mchanga, Mary, aolewe na Edward, mwana wa Henry, kisha wakabadili nia. Mwaka 1544 Henry aliagiza Edinburgh ichomwe moto. Mwaka huohuo aliteka Boulogne, lakini Charles alifanya amani na Ufaransa bila yeye. Mwaka 1545 meli yake Mary Rose ilizama karibu na Portsmouth pamoja na mamia ya watu.

Matokeo

Ili kulipia vita, Henry aliuza sehemu kubwa ya ardhi iliyonyang'anywa monasteri, tena alipunguza kiasi cha fedha halisi katika sarafu, na bei za vitu zikapanda. Boulogne ilirudishwa Ufaransa mwaka 1550. Mwaka 1558 Calais nayo ilipotea, na Mary wa Uskoti akaolewa na mrithi wa taji la Ufaransa. Kilichodumu zaidi ni jeshi la majini alilolikuza.