Orwell na Dola Tatu

Jioni moja hapa Langas, Eldoret, niliwakuta vijana kibandani wakibishana juu ya chai: kati ya dola tatu za kidhalimu alizozibuni George Orwell, ipi ina nafuu?

Mtungaji huyo, jina lake hasa Eric Arthur Blair, alizaliwa mwaka 1903 huko Motihari, Bara Hindi. Alitumikia upolisi wa Kiingereza Burma tangu 1922 hadi 1927, akaacha kazi kwa kuuchukia ukoloni. Mwaka 1937 alipigwa risasi ya shingo vitani Hispania. Sisi twamjua kwa Shamba la Wanyama, kitabu alichokitafsiri Fortunatus Kawegere mwaka 1967. Kile cha dola tatu kilitoka 1949. Januari 1950 kifua kikuu kikamwua, hata miaka 47 hajatimiza.

Nikawaambia vijana waitazame ramani yake. Afrika ya Ikweta si ya dola yoyote; ni ardhi ya kunyang'anyana, na wenyeji ni watumwa wa kila mshindi. Mombasa imo, Langas imo. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Na hapa fahali ni watatu. Nyasi itachagua yupi?