Padre Aliyelifuata Bomu Jangwani

Kila yanapozungumzwa mambo ya kuondosha silaha za nyuklia duniani, hutajwa wataalamu, mawaziri na majemadari. Watu wa dini husahauliwa, au hudhaniwa kwamba kazi yao ilikuwa kuomba dua na kungoja. Leo twapenda kumkumbusha msomaji habari za Padre Michael Scott, Mwingereza wa Kanisa la Anglikana, ambaye hakungoja.

Alizaliwa Sussex mwaka 1907, mwana wa kasisi. Makasisi wengi wa Kizungu waliokuja Afrika zama zile walistarehe pamoja na walowezi, wakabariki meza zao. Padre Scott alikwenda kufanya kazi Afrika Kusini mwaka 1943, akashika njia nyingine. Mwaka 1946, Wahindi wa Durban walipoikataa kwa amani sheria ya kuwabagua katika kumiliki ardhi, alisimama pamoja nao, akafungwa miezi mitatu. Mwaka uliofuata alifichua mateso ya vibarua Waafrika katika mashamba ya Bethal. Ndipo wakuu wa Waherero wa Afrika ya Kusini-Magharibi, ambayo leo ni Namibia, walipompa dhamana ya kuwasemea, maana wao wenyewe walizuiwa kusafiri. Mwaka 1949 alilifikisha shauri lao mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa. Makaburu wakampiga marufuku nchini mwao.

Twayaeleza haya kwa kuwa twaamini kwamba huko ndiko alikolielewa bomu. Aliona kwamba mwenye kuamua huketi mbali, na mwenye kuumia hakuulizwa.

Ufaransa ilipokusudia kujaribu bomu lake la kwanza la atomiki, ilichagua Reggane, katika Sahara ya Algeria, nchi ambayo wakati ule ilikuwa ikimwaga damu kupigania uhuru wake. Bomu la Wafaransa, jangwa la Waafrika! Desemba 1959 msafara wa watu 19 uliondoka Accra kwa magari, bila silaha yo yote, ukikusudia kufika mahali penyewe pa jaribio, safari ya yapata maili 2,000. Wengi wao walikuwa Waghana. Alikuwamo Bayard Rustin, Mmarekani mweusi wa dhehebu la Quaker, na alikuwamo Padre Scott, mtu wa miaka 52 ambaye angeweza kabisa kukaa London akahubiri juu ya amani.

Walivuka mpaka wa Ghana na kuingia Volta ya Juu, ambayo leo ni Burkina Faso. Hawakwenda mbali. Huko Bittou walizuiwa kwa amri ya wakuu wa Kifaransa. Walikaa pale siku kadhaa wakikataa kurudi, wakizungumza na wenyeji waliokuja kuwatazama, hata ikawabidi kurejea Ghana. Wakajaribu tena, wakarudishwa. Tarehe 13 Februari 1960 bomu lililipuliwa, nguvu zake zapita mara nne zile za bomu la Hiroshima. Serikali ya Ghana ikazuia mali za Wafaransa zilizokuwamo nchini, na Aprili ukafanyika mkutano Accra kuyapinga majaribio hayo.

Wapo waliocheka: padre na magari machache wawezaje kuzuia dola? Nasi twauliza, wangapi Ulaya wangalijua kwamba kuna watu wanaoishi Sahara, lau msafara ule usingaliondoka? Ufaransa ilifanya majaribio 17 Algeria hata mwaka 1966, na mabaki yenye sumu yangali mchangani.

Aliporudi Uingereza alikuta watu wa dini wenyewe hawakubaliani. Padre John Collins wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London, kiongozi wa kampeni kubwa ya kupinga silaha za nyuklia, aliona kwamba kuvunja sheria kutawafukuza raia wa kawaida. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Lakini Scott alijiunga na mwanafalsafa Bertrand Russell kuunda Kamati ya Watu Mia, na tarehe 18 Februari 1961 wote wawili waliketi chini na maelfu ya watu mbele ya Wizara ya Ulinzi. Russell hakuwa mtu wa dini hata kidogo. Jambo hilo halikumsumbua Padre.

Mwaka 1962 kikosi cha amani alichokuwa mmoja wa wenyeviti wake kilifungua kituo hapa Dar es Salaam, kikajitayarisha pamoja na chama cha Kenneth Kaunda kwa maandamano ya kuingia Rhodesia ya Kaskazini. Uchaguzi ukatangulia, maandamano hayakufanyika.

Alifariki Septemba 1983. Miezi miwili baadaye makombora mapya ya nyuklia ya Kimarekani yaliwasili Greenham Common, Uingereza, na wanawake waliopiga kambi langoni wakayapokea kwa kuketi barabarani.