Olympe de Gouges na Neno Lililowatenga Wanawake

Nilipokuwa mwanafunzi, nilifunzwa kwamba mwaka wa 1789 Wafaransa walitangaza Haki za Binadamu na Raia. Nilikariri, nikapita mtihani. Sikujua kwamba Kiswahili chetu kilinificha jambo. Kwetu mtu ni mtu, awe wa kike au wa kiume. Katika Kifaransa, neno lililotumiwa lina maana mbili: binadamu, na pia mwanamume. Zamu ya kugawa mamlaka ilipofika, wakubwa wa siku hizo walishika maana ya pili.

Aliyewaumbua ni Olympe de Gouges. Alizaliwa mwaka wa 1748 mjini Montauban, kusini mwa Ufaransa, akaitwa Marie Gouze. Aliozwa angali kigoli, akafiwa na mumewe upesi, naye akakataa katakata kuolewa tena. Alihamia Paris, akajipa jina jipya, akawa mtunzi wa tamthilia. Mojawapo, iliyoigizwa mwaka wa 1789, ilishutumu utumwa katika makoloni, nao walionufaika na utumwa huo wakaipiga vita.

Mnamo Septemba 1791 alitoa Tamko la Haki za Mwanamke na Raia wa Kike, lenye vifungu 17 sawa na lile la wanaume. Alishikilia kwamba ikiwa sheria humwona mwanamke anapostahili adhabu, basi na imwone pia inapotungwa.

Sheria ilimwona upande mmoja tu. Julai 1793 alikamatwa kwa kuandaa bango lililotaka wananchi wajichagulie aina ya serikali kwa kura. Tarehe 30 Oktoba vyama vya wanawake vilipigwa marufuku. Tarehe 3 Novemba akakatwa kichwa.

Wanawake wa Ufaransa walipewa haki ya kura mwaka wa 1944. Oktoba mwaka uliofuata, kati ya wabunge 586 waliochaguliwa, wanawake walikuwa 33 pekee. Hata baada ya sheria ya mwaka wa 2000 kuvitaka vyama viteue wagombea wa jinsia zote kwa usawa, vyama vikubwa viliona heri kupunguziwa ruzuku ya serikali kuliko kuitii.

Hivyo basi, walimu wenzangu, tunapofundisha tamko la 1789, tusikimbilie tarehe. Tuwaulize wanafunzi kwanza: neno binadamu lilipoandikwa, ni nani aliyeachwa nje ya mlango? Mimi sikuulizwa, na kwa miaka mingi nilidhani hakuachwa mtu.