Tom Mboya: Mzawa wa wavukaji ziwa aliyewatafutia vijana makao ugenini

MSAFIRI anayetoka Mbita kuelekea kisiwa cha Rusinga siku hizi huvuka kwa dakika chache tu, kwani kisiwa hicho kimeungwa na nchi kavu kwa daraja. Akifuata barabara ya kisiwani hufika penye jengo lenye umbo la risasi. Humo ndimo alimozikwa Thomas Joseph Odhiambo Mboya, waziri aliyeuawa Nairobi mwaka 1969 akiwa na umri wa miaka 38.

Wakenya wengi humkumbuka kwa mambo mawili: kazi yake katika vyama vya wafanyakazi na kupigania uhuru, na kifo chake kilichoitikisa nchi. Lipo jambo la tatu ambalo halizungumzwi sana. Tangu kuzaliwa hadi kuzikwa, Mboya aliishi kati ya ugeni na uenyeji, na alitambua mapema kuliko wengi kwamba mgeni hastawi kwa juhudi zake pekee. Sharti pawe na mtu wa kumpokea.

Wakati huu ambapo maelfu ya vijana wetu wanatafuta kazi na masomo katika nchi za Ghuba, Ulaya na Marekani, maisha yake yanafaa kusomwa upya.

Ukoo wa wavukaji ziwa

Wazazi wa Mboya walikuwa Wasuba wa Rusinga. Jamii hiyo yenyewe ni ya wahamiaji. Mababu zao walivuka Ziwa Victoria kutoka upande wa Uganda karne kadhaa zilizopita, wakatia nanga Rusinga, Mfangano na pwani za karibu. Baada ya vizazi vingi vya kuoana na kufanya biashara na majirani zao Wajaluo, wengi wao waliacha lugha yao na kuzungumza Kijaluo. Leo ni wachache wanaoweza kukisema Kisuba kwa ufasaha.

Mboya mwenyewe hakuzaliwa kisiwani. Babake, Leonardus Ndiege, alikuwa ameifuata kazi mbali na kwao, akawa nyapara katika shamba la mkonge la Mzungu huko Kilima Mbogo, karibu na Thika. Ndiko alikozaliwa mtoto huyo tarehe 15 Agosti 1930.

Kwa hivyo alikulia miongoni mwa watoto wa Wakamba na Wakikuyu, akazijua lugha zao pamoja na Kiswahili na ile ya wazazi wake. Alisoma katika shule ya misheni ya Kabaa huko Ukambani, kisha Yala katika Nyanza, na hatimaye Mangu. Masomo yake ya sekondari yalikatika kwa sababu familia haikumudu karo. Pengo hilo hakulisahau.

Mgeni katika jiji la nchi yake

Baada ya kusomea kazi ya bwana afya huko Kabete, Mboya aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi mwaka 1951. Jiji hilo halikumhesabu Mwafrika kuwa mkazi. Alihesabiwa kuwa kibarua wa kupita, aliyetakiwa kuwa na kitambulisho na ruhusa, na ambaye angerejea kwao kazi ikiisha.

Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1963, Mboya alisimulia kisa cha mwanamke wa Kizungu aliyeingia ofisini alimokuwa akifanya kazi. Mwanamke huyo alimtazama, kisha akauliza iwapo hapakuwa na mtu yeyote humo. Kijana yule alikuwa mtaalamu aliyehitimu, yumo nchini mwake, lakini machoni pa mgeni huyo hakuwa mtu.

Fedheha hiyo aliigeuza kuwa kazi. Aliunda chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Aprili 1954 wanajeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi na kuwatia mbaroni maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Vyama vya siasa vilikuwa vimepigwa marufuku, na shirikisho la Mboya likawa miongoni mwa sauti chache za Waafrika zilizoweza kupinga hadharani jinsi familia zilivyokuwa zikifurushwa.

Mwaka 1955, akiwa na miaka 24, alishiriki katika kusuluhisha mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Mombasa, ambao mwishowe walipata nyongeza ya mshahara ya thuluthi moja. Katika uchaguzi wa Machi 1957 alipata kiti cha Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1961 alishinda tena kwa wingi mkubwa wa kura, na wengi wa waliompigia walikuwa Wakikuyu. Mwana wa kisiwa cha Nyanza alipokewa na jiji kuwa mtu wake.

Ndege ya wanafunzi 81

Ugenini wa ng'ambo aliuonja mwenyewe. Kati ya mwaka 1955 na 1956 alisoma katika Chuo cha Ruskin, Oxford, taasisi iliyoanzishwa kwa ajili ya wafanyakazi waliokosa elimu ya juu. Kutoka huko alizuru Marekani, ambako alifahamiana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, watetezi wa haki za Weusi, na mfanyabiashara William Scheinman aliyekuja kuwa rafiki yake wa dhati.

Urafiki huo ulizaa jambo kubwa. Siku hizo Kenya haikuwa na chuo kikuu chake, na nafasi za Makerere zilikuwa chache. Vyuo vingi vya Marekani vilikuwa tayari kuwapokea Waafrika bila ada, ila vijana hao hawakuwa na nauli. Mwaka 1959 Mboya alizunguka Marekani akihutubia mikutano na kuomba nafasi za masomo, huku marafiki zake wakichanga pesa za kukodi ndege. Miongoni mwa waliotia sahihi maombi ya michango walikuwa mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwanamuziki Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier.

Nyumbani alisaidiana na Dkt Julius Kiano na Kariuki Njiiri kuwachagua wanafunzi. Vijijini, watu waliandaa karamu za chai na ngoma ili kuchanga pesa za matumizi. Septemba 1959 ndege ya kwanza ilitua New York ikiwa na wanafunzi 81. Mmoja wao alikuwa Pamela Odede, aliyekwenda kusoma Ohio na ambaye alifunga ndoa na Mboya Januari 1962.

Serikali ya kikoloni haikufurahia mpango huo. Wakosoaji walidai kwamba vyuo vya Marekani vilikuwa duni na kwamba vijana hao wangeteseka kwa ubaguzi wa rangi. Julai 1960 Mboya alimtembelea Seneta John Kennedy nyumbani kwake Massachusetts, na wakfu wa familia hiyo ukakubali kutoa dola 100,000. Kufikia mwaka 1963, karibu wanafunzi 800 kutoka Afrika Mashariki na nchi jirani walikuwa wamesaidiwa.

Baridi, vibarua na ubaguzi

Hoja ya wakosoaji kuhusu ubaguzi haikuwa uongo mtupu. Vijana hao waliingia Marekani miaka michache kabla ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Walikutana na baridi wasiyoijua, upweke, na ulazima wa kuosha vyombo na kufagia kumbi ili wapate pesa za matumizi.

Wangari Maathai, aliyesafiri kwa mpango huo mwaka 1960, alisimulia baadaye jinsi yeye na wenzake walivyosimama Indiana wakielekea chuoni Kansas. Waliingia mkahawani kununua soda, wakaambiwa wanywee nje. Huko chuoni, hata hivyo, watawa waliokiendesha chuo na familia za wanafunzi wenzake walimpokea kama mtoto wao. Mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kutuzwa Nobeli ya Amani.

Si wote waliokuwa na bahati hiyo. Barack Obama, mzawa wa sehemu ambayo leo imo katika Kaunti ya Homa Bay, hakupanda ile ndege ya kwanza, lakini alikwenda Hawaii mwaka huo huo wa 1959 na kupata msaada kutoka kwa mpango wa Mboya. Ndoa yake ya mwaka 1961 na mwanamke Mzungu ingekuwa hatia katika majimbo mengi ya nchi hiyo. Mwaka 1964, akisomea shahada ya juu Harvard, maafisa wa uhamiaji walikataa kumwongezea muda wa kukaa, akalazimika kurejea nyumbani. Hakujua kwamba mwanawe aliyemwacha huko angekuja kuwa rais wa taifa hilo.

Mifano hiyo miwili yaonyesha kile Mboya alichokitambua. Akili wote walikuwa nayo, na bidii pia. Kilichotofautiana ni mlango waliofunguliwa na nani aliyesimama upande wao mambo yalipoharibika. Ndiyo maana kazi yake Marekani haikuwa kutafuta pesa pekee, bali kutafuta wenyeji: makanisa, vyama, vyuo na familia.

Zamu ya kuwa mwenyeji

Uhuru ulipopatikana Desemba 1963, Wakenya nao waligeuka wenyeji wenye uwezo wa kufungua au kufunga mlango. Hapo ndipo sifa za Mboya zinapohitaji kupimwa bila upendeleo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wahindi wa Kenya walikuwa na jembe mkononi kwa vizazi kadhaa, lakini wengi wao hawakuomba uraia katika muda wa miaka miwili waliopewa. Mwaka 1967 serikali ilipitisha sheria mpya ya uhamiaji iliyowataka wasio raia wawe na vibali vya kazi, na nyingine ya leseni iliyowabana katika biashara. Maelfu walikimbilia Uingereza, nayo Uingereza ikapitisha kwa siku chache, Machi 1968, sheria ya kuwazuia watu waliokuwa na pasipoti zake yenyewe.

Mboya alikuwa waziri wa mipango ya uchumi katika serikali hiyo, na hawezi kutengwa na uamuzi wake. Serikali ilitaka Waafrika waliokuwa wamefungiwa nje ya biashara kwa miaka mingi wapate nafasi, na dai hilo lilikuwa la haki. Hata hivyo, familia zilizosongamana katika viwanja vya ndege mwanzoni mwa 1968 zilikuwa zimekataliwa na nchi mbili kwa wakati mmoja. Aliyewabembeleza Wamarekani wawapokee vijana wetu alikuwa mezani pale mlango wetu ulipobanwa.

Risasi ya Julai

Mwaka mmoja baadaye, kisu kikageukia ndani. Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, Mboya alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa kwenye Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Barack Obama, aliyekuwa amekutana naye barabarani muda mfupi kabla ya hapo, alikuwa miongoni mwa mashahidi mahakamani. Nahashon Njenga Njoroge alipatikana na hatia na kunyongwa mwaka huo, lakini swali la nani aliyemtuma limeendelea kuulizwa hadi leo.

Ghadhabu iliyofuata iliwatenganisha Wajaluo na Wakikuyu kwa namna ambayo siasa zetu zingali zinalipia. Mtu aliyechaguliwa na jiji la makabila yote alirudishwa kuzikwa kama mwana wa kabila moja. Mwili wake ulipelekwa Rusinga, kisiwa ambacho wakati huo hakikuwa na daraja.

Mwaka 2011 sanamu yake ilizinduliwa katika Moi Avenue, karibu na mahali alipoangukia. Wanaopita hapo kila siku ni Wakenya wa kila kabila, Wasomali, Wakongo, Wasudan Kusini na Wahindi ambao babu zao walijenga maduka ya barabara hiyo. Baadhi yao wana vibali, wengine wanavitafuta. Wakati huo huo, vijana wa Mbita wanavitafuta Doha na Toronto, wakitumaini kwamba huko watampata mwenyeji wa kuwafungulia.