SEMEI KAKUNGULU, MPIGANAJI WA MBALE

Kwa toleo hili la kumbukumbu Kamati imetuomba sisi walimu tuandike habari za mtu aliyetumika vitani na asilipwe alivyotarajia. Tumemchagua Semei Kakungulu.

Alizaliwa Koki mnamo mwaka 1869. Aliingia Buganda akiwa mgeni, mwindaji wa tembo mwenye bunduki, na katika vita vya dini akapanda hadi kuwa jemadari. Mwaka 1897 askari wa Kisudani waliasi wakashika ngome ya Lubwa, Busoga. (Hao nao walikuwa na madai: mishahara duni, tena ya kuchelewa, na safari zisizokwisha.) Kakungulu alipigana upande wa Waingereza. Aprili 1899 alikuwamo katika msafara uliowakamata Mwanga na Kabalega huko Lango.

Kisha akaelekea mashariki na Baganda wake, wachache katikati ya makabila mengi. Akaiteka Bukedi, akajenga ngome na barabara, akiamini ameahidiwa ufalme wa nchi hiyo. Mwaka 1902 serikali ikamwondoa, ikachukua ngome yake ya Budaka, naye akapewa maili za mraba 20 tu huko Mbale. Hapo akaanzisha makazi yaliyokuja kuwa mji. Lakini tusimsifu kupita kiasi. Wenyeji walitozwa, wakanyang'anywa mifugo, wakatawaliwa na watu wasiowachagua, na uchungu huo ulidumu miaka mingi.

Mwaka 1906 alipelekwa Jinja kuwa rais wa baraza la machifu wa Busoga. Heshima ilikuwapo, ufalme haukuwapo. Mwaka 1913 akarudi Mbale, akaendelea kuidai serikali ardhi yake na ya watu wake. Sisi tunaongoja majibu ya ofisi humu kambini tunamwelewa vizuri sana!

Alivunjika moyo. Akajiunga na Wamalaki, waliokataa dawa za hospitali, na baada ya kusoma sana Agano la Kale, mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe, akaifuata dini ya Kiyahudi. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928, akazikwa karibu na Mbale.

Wafuasi wake, Abayudaya, walikatazwa kusali hadharani wakati wa Idi Amin, wakapungua wakabaki mamia tu. Mpaka leo wangali wanakusanyika kila Sabato katika vilima vya karibu na mji huo.