William Murdoch na Gari Dogo la Mvuke

Katika sura iliyotangulia tulijifunza kwamba maji yachemkapo hugeuka mvuke, na kwamba mvuke huhitaji nafasi kubwa zaidi kuliko maji. Ukizuiliwa ndani ya chombo, husukuma kwa nguvu. Sasa tutasoma habari za fundi aliyeitumia nguvu hiyo kuendesha gari dogo linaloweza kuwekwa juu ya meza.

William Murdoch alizaliwa mwaka 1754 karibu na kijiji cha Lugar, Uskoti. Baba yake alikuwa fundi wa vinu vya kusagia nafaka. Mwaka 1777 kijana huyo alikwenda kwa miguu hadi Birmingham, Uingereza, safari ya zaidi ya kilometa 400, ili kuomba kazi kwa Matthew Boulton na James Watt, watengenezaji wa mitambo ya mvuke. Inasimuliwa kwamba Boulton hakuwa na kazi ya kumpa, lakini aliishangaa kofia yake. Ilikuwa ya mti, na Murdoch aliikereza kwa kerezo alilolitengeneza mwenyewe. Kukereza kitu cha duara si jambo gumu sana. Kofia ile ilikuwa na umbo la yai, kama kilivyo kichwa cha mtu. Boulton akamwajiri.

Mwaka 1779 alipelekwa Cornwall, penye migodi ya bati na shaba. Kazi yake ilikuwa kuitunza mitambo iliyovuta maji kutoka migodini. Mitambo ile ilikuwa mikubwa mno, tena haikuweza kuondoka mahali pake. Je, mtambo wa mvuke ungeweza kujisukuma wenyewe barabarani?

Ili kupata jibu, Murdoch hakuanza na kitu kikubwa. Mwaka 1784, nyumbani kwake katika mji wa Redruth, alitengeneza gari la magurudumu matatu, lenye kimo cha zaidi kidogo ya sentimita 30. Taa ndogo ya spiriti ilichemsha maji ndani ya birika la shaba. Mvuke uliingia katika silinda yenye kipenyo cha sentimita 2 hivi, ukaisukuma pistoni juu na chini. Vyuma vilivyounganishwa na pistoni viliugeuza mwendo huo kuwa wa kuzunguka, na magurudumu ya nyuma yakaenda.

Inasimuliwa pia kwamba usiku mmoja alilijaribu katika njia iliyoelekea kanisani. Maji yalipochemka, gari lilitoka mbio kuliko Murdoch mwenyewe. Punde akasikia kelele gizani: kasisi alikuwa amekutana na kitu kinachotoa moto na kuvuma, akadhani ni Ibilisi.

Waajiri wake hawakufurahi. Watt aliogopa mvuke wenye nguvu nyingi, kwa kuwa birika lingeweza kupasuka. Tena walimtaka fundi wao hodari aishughulikie mitambo ya migodini. Mwaka 1786 Murdoch alifunga safari kwenda London kutafuta hati ya kuulinda uvumbuzi wake. Boulton alikutana naye njiani, karibu na mji wa Exeter, akamshawishi arudi. Waliporudi Cornwall, Murdoch alimwonyesha gari hilo likizunguka katika ukumbi mmoja mjini Truro, limebeba sepeto la makaa, koleo na chuma cha kuchochea moto. Hata hivyo, gari kubwa hakulitengeneza kamwe.

Kazi hiyo ilifanywa na Richard Trevithick, mwenyeji wa Cornwall, ambaye hakuuogopa mvuke wenye nguvu. Tarehe 21 Februari 1804, huko Penydarren katika nchi ya Wales, garimoshi lake lilivuta tani 10 za chuma na watu 70 juu ya reli.

Murdoch aligeukia mambo mengine, na mwaka 1792 aliiangaza nyumba yake kwa gesi iliyotokana na makaa ya mawe. Alifariki mwaka 1839, akiwa na umri wa miaka 85. Gari lake dogo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Birmingham.